Tonge la Kwapani

Jamani, hebu niulize kwanza. Humu ndani kuna mtu amewahi kuporwa mbwa na mbwa?

Sisemi kuibiwa. Kuporwa. Mbwa wako yupo, unamwona, anakula kwako, analala kwako, lakini moyo kauhamishia kwa mwingine. Na huyo mwingine ana viroboto, na geti ulimfungulia mwenyewe.

Basi mimi yamenikuta. Na siku nilipoamua kumtoa mwizi wangu nyumbani, aliyeingia kwenye gunia hakuwa yeye.

Tulieni niwasimulie.

Naitwa Claudia, mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi. Kwetu Iringa. Nilipopangiwa kazi huku sikuwa na ndugu wala wa kumwazima chumvi. Nikapanga nyumba mtaa wa Mkomaindo, nyumba nzima na ua wake, mtu mmoja. Ilinibidi nitafute mbwa.

Nikampata Kito, akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kapu la sokoni. Mweusi, kifua cheupe, masikio makubwa kuliko kichwa.

Huku mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi mtoto sina. Jirani yangu Mama Dorika akaanza kwa utani: "Mama Kito, za asubuhi?"

Nikacheka, nikaitika. Nani aliniambia niitike? Mtaa mzima ukadaka. Mwenye genge, Mama Kito. Mshona viatu, Mama Kito. Mpaka kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja akasimama: "Tunamshukuru Mama Kito kwa kufundisha hesabu."

Mwingine angenuna. Mimi nilivimba kichwa.

Kito alikuwa ananisindikiza shuleni kila asubuhi, anarudi mwenyewe. Jioni namkuta getini, mkia unapiga bati la geti kama ngoma. Nilikuwa nikishuka tu kwenye kona anajua. Hapo ndipo nilipojiona na mimi nina mtu.

Sasa kuna huyu daktari wa mifugo, Nickson. Watu wanampelekea mbwa wasiowataka. Wengine wanamwambia wazi: "Mchome sindano dokta, tumalizane."

Roho hiyo Nickson hana. Siku moja akaona ua wangu.

"Mwalimu, nikuwekee mmoja hapa. Siku chache tu, nikimtafutia kwa kwenda."

"Sawa, lakini huyo huyo tu."

Huyo huyo tu, wapi! Alikuja aliyegongwa na bodaboda, akaja aliyefungwa kamba mpaka shingo ikaoza, wakaja watoto wawili wa mbwa waliotupwa ndani ya kiroba. Kukawa na mmoja aliyetafuna viatu vyangu, na kwa kila jozi alichagua cha kushoto. Nilikwenda shuleni na ndala, mwalimu mzima.

Kazi yake si mchezo. Unarudi umechoka, unabandika sufuria la pumba na vichwa vya dagaa, mtaa mzima unaziba pua. Unaosha vidonda. Unakimbizana na mbwa mwenye povu la sabuni, na paka wangu Shangazi yuko juu ya pipa la maji anawatazama kwa dharau.

Lakini nilipenda. Kito ndiye alikuwa mwenyeji, anamwonyesha mgeni pa kulala na pa kunywa maji. Mgeni akipona, anapata kwake, anaondoka. Mimi nalia kidogo, Kito ananilamba mkono, yanaisha.

Wageni walikuja wakaondoka. Kito alibaki wangu.

Mpaka alipokuja huyo bibi.

Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano. Nickson alishusha mbwa wa njano. Njano kabisa! Mwenye mbwa alimwona ana upele, akammwagia salfa ya mikorosho mwili mzima, halafu akamfukuza. Tulipomwosha akatoka jike mwekundu, mwembamba, mpole, macho ya kuomba radhi. Tukamwita Salfa.

Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Huruma ilidumu wiki hiyo tu.

Kwa sababu Kito aligandana naye.

Si kucheza naye. Kugandana. Akisimama Salfa, na yeye kasimama. Akienda kunywa maji, wanakwenda wote, bega kwa bega, taratibu kama maharusi wanaokwenda kukata keki. Akilala, Kito kaweka pua kwenye ubavu wake.

Shuleni hanisindikizi tena. Naita getini, "Kito, twende!" Anainua kichwa, anasikiliza, anarudi kwa mwenzake. Jioni nashuka kwenye kona, kimya. Naingia ndani na mkoba wangu, wala hakuna anayepiga bati.

Jamani, iliniuma. Hata chai nikawa naiacha mezani inapoa.

Nikaanza vijimambo. Nikanunua mfupa wa supu, wa maana, wenye nyama. Nikamrushia Kito. Ukaangukia mbele yake kabisa, yeye kakaa anatazama hewani, ananidengulia. Salfa akaja polepole, akaudaka, akaenda nao nyuma ya nyumba. Na Kito, mwanamume mzima, akamfuata mkiani!

Nikavua ndala nikamrushia huyo mwizi. Ikampata mgongoni. Hakulia hata kulia.

"Unamwibia mbele yangu?" nikafoka. "Mtoto wa watu umemlisha nini wewe?"

Mama Dorika alikuwa upande wa pili wa ukuta anatwanga. Akaacha kutwanga ili acheke vizuri.

"Mama Kito, umepata mkwe! Mama mkwe gani huyo wa kurusha ndala?"

"Mkwe? Mke mwenza huyo, Mama Dorika! Kanikuta nina wangu, kanichukulia!"

Halafu nageuka, namwona Shangazi, paka wangu niliyemnunulia maziwa kwa mshahara wangu, kajikunja juu ya tumbo la Salfa, kasinzia.

Nikasema hapana. Ama zake ama zangu.

Nikampigia Nickson, huyu bibi aondoke. Nickson akaniomba nimvumilie kidogo, bado hajapata mtu wa kumchukua. Sikungoja. Nikaenda kwa Mama Dorika.

Mama Dorika ni wa Newala, ana mjomba wake anaitwa Mzee Alphonce, mkulima wa Makote, huko huko Newala juu mlimani. Mzee huyo alikuwa anatafuta mbwa wa kulinda mikorosho na mihogo, nguruwe pori wanamsumbua.

"Mjomba akimchukua harudi," Mama Dorika akasema. "Kule kwetu mbwa anahamishwa kwa taratibu zake."

"Taratibu gani?"

"Anayemchukua anabana tonge la ugali kwapani tangu anatoka kwake, liingie jasho lake. Mbwa akila hilo tonge, basi, kwisha, huyo ndiye bwana wake. Anatiwa kwenye gunia asiione njia. Na wewe mtoaji unakaa ndani. Huchungulii, hutoi sauti. Akisikia sauti yako, ataifuata hata kama umemhamishia Msumbiji."

Nikauliza jambo moja tu: "Anakuja lini?"

Mzee Alphonce alikuja Jumamosi kwa bodaboda. Mzee mnyoofu, kanzu juu ya suruali, mkono wa kulia kaubana ubavuni kama aliyevunjika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkono sikupi, nimebana."

Nikamwonyesha uani. "Ni yule jike mwekundu. Yule dume mweusi ni wangu."

"Nimemwona. Ingia ndani sasa. Mdomo fumba."

Nikaingia chumbani nikajitupa kitandani. Nikauziba uso kwa mto, maana kicheko kilikuwa kinanitoka chenyewe. Nilikuwa nimenunua maini. Nilipanga Kito ale maini, tukae wawili kama zamani.

Nikasikia tonge limeanguka chini. Kukawa kimya.

Nikamsikia mzee: "Eti? Haya. Kumbe ni wewe."

Gunia likakwaruza. Mbwa akalia mara moja. Nikajiambia, jike huyu ana sauti nzito! Nikaona ni gunia linaziba. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Nikatoka na bakuli la maini, naimba kabisa. "Kito! Kito mwanangu! Njoo, tumebaki wenyewe!"

Getini alikuwa amekaa Salfa. Anatazama barabara, analia kwa sauti nyembamba.

Bakuli likaniponyoka.

Nilizunguka nyumba, nikaangalia chini ya kitanda, nikaangalia mpaka ndani ya pipa. Nikakimbia barabarani na kanga moja. Vumbi la pikipiki lilikuwa limeshatulia. Nikapiga simu ya mzee, haipatikani. Huko juu mtandao nao una siku zake.

Nikamrukia Mama Dorika. "Mjomba wako kaniibia! Nilimwambia jike!"

"Mjomba haibi," akasema, lakini uso ulikuwa umemshuka. "Kama Kito ndiye aliyekula tonge, angefanyaje? Aliyekula tonge ndiye anayekwenda. Na kukuuliza hawezi, umeshakatazwa kusema."

Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia. Salfa akaja akakaa pembeni. Nikamwambia aondoke. Hakuondoka.

Asubuhi yake simu ikaita. Mzee Alphonce. Hata salamu alinikatisha.

"Mwalimu, mimi nimekukosea nini?"

"Wewe ndiye wa kuuliza hivyo, mzee? Umenichukulia Kito!"

"Nilimtupia tonge yule mwekundu, kama ulivyosema. Akaliokota vizuri, bila kuling'ata hata kidogo, akampelekea mweusi miguuni. Akalisukuma na pua mpaka mdomoni. Mweusi akala. Nikasema basi, kumbe ndiye. Kumbe umenipa mbwa haoni!"

"Haoni nini?"

"Haoni, Mwalimu! Kipofu! Nimemfungua anagonga kila mkorosho. Sasa kajichimbia chini ya ghala, kila anayemsogelea anamng'ata. Chakula nimemsukumia kwa fimbo, ananusa tu, hathubutu kutoka."

Simu ilikuwa bado sikioni. Nilikuwa nautazama ua. Bakuli la Kito pale pale, maji pale pale, mlango pale pale. Ua ule aliujua kwa moyo. Barabara ya shuleni, yenye pikipiki na mitaro, ndiyo iliyomshinda. Na ule mfupa niliomrushia, kwake ulikuwa kishindo tu, nikasema ananidengulia!

Na Salfa aliupeleka wapi ule mfupa? Nyuma ya nyumba, sehemu tulivu, akampa mwenyewe. Na mimi nikampiga ndala.

Nilimpigia Nickson, akaazima pikapu ya kubebea korosho. Nilimpandisha Salfa mbele, kwenye miguu yangu. Njia nzima ya kupanda Newala hakulala. Kila tukipunguza mwendo anasimama, ananusa dirishani.

Nickson akaniuliza hili na lile kuhusu Kito, alianza lini kutosindikiza, alianza lini kupapasa. Nikamjibu. Akatikisa kichwa.

"Macho yalianza kuondoka kabla Salfa hajaja, Mwalimu. Alipokuja tu ndipo akapata wa kumshika."

 Nilikuwa nimeikumbatia shingo ya mke mwenzangu kwa mikono yote miwili.

Makote tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, kidole kimefungwa kitambaa. Akanyoosha kidole hicho kuelekea ghala la korosho. Kule chini gizani nikasikia mngurumo ambao sijawahi kuusikia kwa mwanangu.

Nikapiga magoti. "Kito. Kito, mama nimekuja."

Mngurumo ukakatika. Pua ikatokea kwanza, halafu kichwa, kina matope na utando wa buibui. Masikio yakasimama. Nikafungua mikono. Nikawa najisemea sasa, sasa anakuja kwangu.

Alitoka mbio, akagonga nguzo, akaanguka. Akasimama akaelekea kwenye banda la kuku. Nikaita tena, upepo ukaipeleka sauti yangu sijui wapi. Akazunguka, anatetemeka, hajui nilipo.

Ndipo Salfa akaniponyoka.

Akaenda akampa ubavu. Kito akaweka pua pale, na mwili wote ukatulia. Mkia ukaanza kutikisika. Mimi niko pale pale na mikono yangu wazi, mtu mzima, hakuna aliyeijaza. Wivu ukanipanda tena, palepale, mbele ya watu! Nikasema moyoni, hata leo?

Salfa akageuka. Akaja taratibu, bega kwa bega na mwenziwe, wakapita banda la kuku, wakapita kinu, mpaka nilipopiga magoti. Akasogea kando kidogo. Na pua yake akamsukuma Kito mapajani kwangu, vile vile alivyosukuma tonge.

Halafu akarudi nyuma hatua moja, akanitazama mguuni. Alikuwa anaangalia kama nitavua ndala.

Nililia mpaka Mzee Alphonce akaona aibu, akaenda kuwatazama kuku wake.

Tuliporudi kupanda pikapu, mzee akauliza, "Sasa na tonge langu je? Lilikuwa la muhogo safi."

Nickson alimpatia mbwa mwingine baadaye, dume jeuri la Lulindi lisiloogopa nguruwe wala mtu. Safari hii mzee alibana matonge mawili, na akamfungia Salfa nje kwanza.

Salfa haendi kokote. Wageni wanaendelea kuja na kuondoka, viatu vyangu vya kushoto vinaendelea kuisha. Asubuhi nasindikizwa na wawili, mmoja anaona kwa ajili ya wote. Jioni nikishuka kwenye kona bati linapigwa. Na mtaani nimebadilishwa jina. Naitwa Mama Salfa, naitika.

Wivu umekwisha? Thubutu! Jana tu nimemkuta Kito kalalia ubavu ule ule na Shangazi juu yao, nikabamiza mlango kwa nguvu ili wajue nimefika.

Ila nawaachia hili, mlichukue mnaolitaka. Ukiona wako kamng'ang'ania mtu mwingine, usianze kuuliza huyo mwenzako kampa nini. Uliza kwanza wako alikuwa anaumwa wapi, na wewe ulikuwa unatazama nini siku zote hizo.

Halafu vaa ndala zako.