Nilimuuza Mama Mkwe kwa Punguzo la Matembezi ya Mizimu

Matembezi yale yaliniokolea shilingi elfu thelathini na tano. Yakanigharimu mke, watoto wawili na mama mkwe. Nimepiga hesabu mara mbili, sijakosea.

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kunitafutia mtu wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nimemtafuta wiki tatu na sijampata.

Mimi ni mtu wa Soweto, hapa Moshi mjini. Nauza viatu vya mtumba. Ukija kwangu na bei yako mfukoni, utaondoka na bei yangu. Mke wangu ni wa Kibosho, na kila Desemba ndugu zake wakirudi kwao mlimani kwa sikukuu, mjini hapa kila mtu anabuni namna ya kuwakamua kidogo.

Kijana mmoja, nimuite Gasper, alizoea kupandisha wageni Kilimanjaro. Mwaka huu akabuni matembezi ya mizimu kwa familia. Jioni, jua likizama, anawazungusha watu stesheni ya zamani, kisha mitaa yenye yale maghorofa ya zamani ya Kihindi, anawasimulia nani alikufa wapi na nani bado hajaondoka. Elfu kumi na tano kwa kichwa, mtoto na mkubwa bei moja. Wanangu wakalilia kwenda.

Vichwa vinne, elfu sitini. Nikamfuata Gasper.

"Ishirini na tano kwa wote," nikamwambia.

"Bro, hata viatu vyako huuzi kwa bei hiyo."

"Nikikupa stori je? Ya kweli, ya hapa mjini, hakuna anayeijua."

Nilikuwa nayo. Mama mkwe wangu, alipokuwa mke kijana, alipanga chumba cha juu katika ghorofa mojawapo la mitaa ile. Siku moja alimwacha mwanawe wa kwanza amelala, akashuka kununua maziwa. Mtoto akaamka, akatoka kwenye roshani kumtafuta. Akaanguka.

Kule mlimani waliambiwa ni homa. Ukweli aliujua yeye na marehemu mumewe, hadi siku mke wangu alipojifungua, ndipo akamwambia ili asimwache mtoto peke yake. Mke wangu akaniambia mimi. Nami nikaipeleka sokoni.

Gasper akasikiliza, akakunja uso. "Maziwa tu? Haina chumvi."

Hapo ndipo nilipoangamia. Nikasema yule mama hakwenda kununua maziwa. Alikwenda kwa hawara. Nikaongeza kwamba alifia gerezani, na mtoto bado anamwita.

Gasper akanipa mkono. Ishirini na tano, nikalipa papo hapo. Majina sikutaja, na hilo nililihesabu kuwa heshima.

Siku yenyewe ilipofika, mama mkwe akashuka kutoka Kibosho na ndizi na maziwa ya wajukuu. Mwanangu wa miaka sita akamng'ang'ania: "Bibi twende wote." Bibi akakubali. Gasper akasema bibi aingie bure, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi kupata kichwa cha tano bila malipo.

Kisha nikazinduka. Nikamvuta Gasper pembeni. "Ile ya roshani iruke leo."

"Nikiiruka tunarudi bei ya zamani. Ndiyo maana nilikupunguzia."

Nikafikiri. Mama masikio yamezeeka kidogo. Giza linaingia. Majina hayapo. Nikanyamaza.

Tulipokata kona ya mtaa ule, mama akapunguza mwendo. Gasper akasimama chini ya ghorofa lenyewe, akainua mkono kuonyesha roshani, akaanza. Alikuwa msimuliaji mzuri, siwezi kumnyima hilo. Alipofika pale mtoto anapoita, akawaambia watoto wote wamsaidie.

Mwanangu aliita kuliko wote. "Mamaa! Njoo!" Anacheka.

Mama mkwe akamuuliza Gasper, taratibu kabisa: "Baba, huyo mama alikuwa amekwenda wapi?"

"Kwa hawara yake, bibi."

"Alikwenda kununua maziwa."

"Eh, bibi naye anaijua!" Gasper akacheka, na watu wakacheka naye. "Ila ya kwako haina utamu. Hii ya kwangu nimepewa na shemeji hapa." Akanipiga begani.

Mama hakulia. Alijifunga upya khanga yake, akamshika mke wangu mkono kama mtu anayevuka barabara. Mke wangu akanigeukia.

"Baba Neema. Na hawara ulimtoa wapi?"

"Ilikuwa biashara tu."

"Ulipunguziwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Sijui kwa nini nilimtajia.

"Mama," akasema, "twende nyumbani." Hakumaanisha Soweto. Watoto wakaondoka nao.

Wiki iliyofuata nikapanda Kibosho. Wachagga, kabila la mke wangu, wana jani linaitwa sale. Ukimkosea mtu, ukaenda kwake na jani hilo mkononi, ni lazima akusamehe, hana ruhusa ya kukataa. Nilipolisikia jambo hilo zamani nilisema hawa watu wana akili: neno moja, jani moja, kesi imekwisha. Nilikuwa nimesahau kulitafuta njiani, lakini ndani ya shamba lake, chini ya migomba, kulikuwa na masale mengi yamestawi mahali pamoja. Nikakata moja, zuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akalitazama kwanza jani, halafu mimi.

"Umelikata wapi?"

"Hapo chini mama, penye migomba ya mwisho."

Mke wangu akaweka sufuria chini. Mama akasukuma maharage pembeni.

"Pale ndipo nilipomlaza mwanangu," akasema. "Hayo masale niliyapanda mimi, juu yake."

Akalipokea. Ni lazima alipokee. Akalishika kidogo, kisha akanirudishia.

"Nimekusamehe, kwa kuwa umenishurutisha. Sasa lirudishe ulipolitoa."

Wewe unayesoma, jambo ulilonong'onezwa chumbani lisitoke chumbani, hata ukiliondolea majina. Mwenyewe atalitambua tu.

Mimi nimekwama. Nimewauliza wauza miche watatu, wote wanasema shina la sale huota, jani peke yake haliwezi. Nimeliweka kwenye kopo la maji, limeanza kuwa njano. Mke wangu amenipigia simu mara moja tu, kuniambia mama anauliza kila asubuhi kama nimeshalirudisha.

Wazee wa mlimani, nisaidieni. Nilirudisheje?