Sauti za Upande wa Kulia

Jumamosi moja baada ya mazoezi, wanakwaya walipokuwa wameshatawanyika, kaka yangu alichukua bisibisi akaanza kukifungua kinanda cha kanisa. Kilikuwa kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na wamisionari, na yeye ndiye aliyekitunza tangu alipokabidhiwa kwaya. Mchwa walikuwa wamekula ubao wa nyuma. Panya walitoboa mifuko ya upepo mara kwa mara naye akaiziba kwa viraka vya ngozi. Masika ya Ifakara yanaotesha ukungu hata ndani ya viatu, kwa hiyo kila mwaka kulikuwa na kitu cha kutengeneza.

"Sauti za juu zimekufa," aliniambia. "Hizi za huku mwisho kulia. Nadhani vumbi limeingia."

Mimi nilikuwa nimebaki kufagia. Niliweka ufagio chini nikaenda kusimama karibu naye. Yeye alikanyaga upepo, mimi nikabonyeza kitufe alichonionyesha. Kililia. Nikabonyeza cha jirani yake, kikalia. Nikaenda hadi cha mwisho kabisa. Nacho kililia, sauti nyembamba, safi, kama ilivyokuwa siku zote.

"Kaka, zinalia."

"Zipi?"

"Zote."

Aliinamisha kichwa akaegemeza sikio kwenye ubao. "Haya, bonyeza."

"Nimebonyeza."

Alikaa vile kwa muda, mguu wake ukiendelea kukanyaga. Kisha akaacha, upepo ukaisha, na kanisa likawa kimya. Alizirudisha skrubu mahali pake, akafuta mikono kwa leso, akaniuliza kama nyumbani tumebakiwa na mkaa.

Hatukuwa watu wa kushangaa sana. Mwaka uliotangulia alikuwa ameugua kifua kikuu kwa mara ya pili, na safari ile ilibidi achomwe sindano kila siku kwa muda mrefu. Daktari alitueleza mapema bila kuficha kwamba dawa ile huweza kudhuru masikio, na kwamba asipoipata hatapona. Kaka alichagua kupona, na kweli alipona. Kikohozi kilikoma, mashavu yakajaa, akarudi kufundisha shule ya msingi asubuhi na kwaya jioni. Alichokuwa akilalamikia ni mlio tu masikioni, kama wa nyenje, usionyamaza. Mama alimchemshia majani ya kila namna. Sisi sote tukawa tunasubiri nyenje wanyamaze.

Ili mtu aelewe alichopoteza, lazima nieleze masikio yale yalikuwaje. Tangu nikiwa mdogo alinifundisha kuimba nikiwa natwanga mpunga. Yeye alikaa kwenye kigoda akanipa do, mimi nikapanda hadi do ya juu bila kusimamisha mchi, na nikiteleza hata kidogo alikohoa. Kwenye mazoezi ya kwaya, watu wakiimba wote kwa pamoja, alinyoosha kidole kwa mtu mmoja tu katika safu ya nyuma akasema, kwa upole, "Wewe umeshuka." Na yule mtu alikuwa ameshuka kweli. Kuhusu vyombo alikuwa na neno lake. Alisema usipime sauti inavyoanza, maana kila kitu huanza vizuri, sikiliza inavyoisha.

Mimi sikuwa nimeolewa. Nilishona nguo kwenye baraza la nyumba yetu na niliimba sauti ya kwanza katika kwaya yake, kwa hiyo siku zangu nyingi zilipita karibu naye.

Kwaya yetu ilikuwa na shamba la mpunga kule Michenga. Tuliamua mavuno ya mwaka ule yatununulie kinanda cha kisasa cha umeme, kwa sababu kile cha miguu kilikuwa kinatuaibisha kwenye mikutano ya kwaya. Tulilima, tukapalilia, tukafukuza ndege kwa zamu, tukavuna. Muuza redio mmoja pale mjini, mzee wa asili ya pwani aliyeishi Ifakara muda mrefu kuliko wengi wetu tuliozaliwa hapo, alikubali kutuagizia Dar es Salaam. Akatuletea viwili tuchague.

Tulikwenda dukani kwake baada ya misa ya Jumapili. Mwenyekiti wa kwaya alikuwepo, vijana wa sauti ya tatu na ya nne walikuwepo, na akina mama wachache. Mzee alikuwa ameviweka vinanda juu ya kaunta, katikati ya redio na betri.

"Karibu, mwalimu," alimwambia kaka. "Wewe ndiye hakimu."

Cha kwanza kilikuwa chepesi, cha rangi ya fedha, kina spika zake chenyewe na taa nyekundu zinazowaka na kuzima. Mzee alibonyeza mahali, ngoma zikaanza kupiga peke yake, na besi, na matoazi. Vijana walicheka kwa furaha, mmoja akaanza kucheza mlangoni. Cha pili kilikuwa cheusi, kizito, kimekwishatumika Ulaya. Mzee alikiita sintesaiza. Hakikuwa na ngoma wala spika, ilibidi akiunganishe na amplifaya ya dukani, na juu yake kilijaa vifundo vya kuzungusha ambavyo mzee mwenyewe alikiri hajui kazi yake.

Kaka alianza na kile cha fedha. Alipiga wimbo mfupi wa sauti nne, kisha akabonyeza kitufe kimoja kwa nguvu, akakibonyeza tena taratibu. Sauti ilikuwa ileile. Akakishikilia akasubiri. Sauti ilikwenda sawa, sawa, kisha ikakatika kama imefungiwa mlango.

Akahamia kwenye cheusi. Alipogusa sauti za chini, redio zilitetemeka kwenye rafu. Alifumba macho. Aligusa kwa upole, kikaitika kwa upole. Akakaza mkono, kikajaa duka zima. Aliposhikilia, sauti ilififia kidogokidogo hadi usijue imeisha saa ngapi. Niliona uso wake ukilegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

"Hiki," alisema. "Hiki kina pumzi."

Kisha mkono wake wa kulia ukapanda. Alichagua sauti za nyuzi, kama za zeze, akapiga huko juu, na mimi nikakunja uso bila kupenda. Zilikuwa kali. Zilichoma kama mtu anakwaruza sahani kwa kisu. Akina mama nao walitazamana. Kaka peke yake ndiye aliyeendelea kupiga akiwa ametulia, na kumbe alikuwa ananitazama.

"Vipi huko?" aliniuliza.

Ningeweza kusema ni nzuri. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kusikia, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Ni kali, kaka. Zinachoma."

Akashika kifundo kimoja akakizungusha kidogo huku mkono mwingine ukiendelea kupiga. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Imepungua. Bado kidogo."

Akazungusha tena, polepole, kama anayefungua mfuniko wa sufuria inayochemka. Ukali ukaondoka. Sauti zikalainika, zikawa kama watu wanaimba kwa mbali wakiwa wamefunga midomo.

"Hapo," nikasema. "Hapo hapo, usiguse tena."

Alicheka, na mimi nikacheka. Alikuwa ametengeneza sauti nzuri kuliko zote zilizosikika dukani mle siku ile, naye hakuisikia.

Mwenyekiti akasogea. Alikuwa mtu mwema, mkulima, mwenye kusema mambo kama yalivyo. "Mwalimu, samahani. Mbona unamuuliza dada yako?"

Nilidhani kaka angetafuta maneno ya kuzungukia. Aliweka kidole kwenye kitufe kimoja, kupita katikati ya kinanda.

"Mwenyekiti, masikio yangu yanaishia hapa," alisema. "Kuanzia hapa kwenda kulia, anayesikia ni mdogo wangu."

Aliyekuwa akicheza mlangoni alisimama. Mama mmoja alishika shavu. Mzee mwenye duka alizima amplifaya, akatoka nyuma ya kaunta, akampa kaka mkono kama watu wanavyopeana msibani. "Pole, mwalimu," akasema. "Pole sana."

Wanakwaya walitoka nje kuzungumza. Hawakukaa sana. Mwenyekiti aliporudi alimshika kaka bega kwa heshima, akamwambia kwamba wanakwaya wanamshukuru kwa yote, lakini wameona wachukue kile cha fedha, kwa sababu hakihitaji amplifaya na vijana wanapenda midundo. Aliongea kwa sauti ya juu mno, akifungua mdomo wazi kwa kila neno. Siku ile ndipo watu walipoanza kuzungumza na kaka yangu hivyo.

"Hakuna neno," kaka alijibu. "Kinanda ni cha kwaya."

Cheusi kilinunuliwa baadaye na bendi moja ya vijana wa kule kwenye mashamba ya miwa. Nilikisikia mara moja kwenye harusi huko Mang'ula. Walikuwa wamezungusha vifundo vyote hadi mwisho, na kilipiga kelele kama mashine ya kusaga.

Pasaka iliyofuata kaka alipiga kile cha fedha kanisani. Vijana walimwomba aweke mdundo kwenye wimbo wa kutoa sadaka, na hakutaka kuwanyima. Mdundo ule ulijiendesha kwa matoazi madogo yanayosema chi-chi-chi, na sauti ya matoazi iko juu. Alianza vizuri. Kufikia ubeti wa pili alikuwa amechelewa, nasi tukabaki katikati, wengine wakimfuata yeye, wengine wakifuata mashine. Nilimwona akibonyeza vitufe kwa nguvu zaidi, akitaka kujisikia, na kinanda kikampa sauti ileile. Waumini waliokuwa wakipanga foleni na vikapu vyao waligeuka kutazama. Alinyanyua mikono. Mashine ikaendelea kupiga peke yake, kanisa zima likisikiliza, hadi kijana mmoja wa sauti ya nne alipoinama akaizima.

Tuliumaliza wimbo bila kinanda. Baada ya misa kaka alimkabidhi kijana yule kitambaa cha kufunikia kinanda, akamweleza namna ya kukikinga na unyevu. Hakurudi tena mbele ya kwaya.

Shule nayo haikuchukua muda. Sauti za watoto ziko juu, na wasichana wa darasa la tatu walipojibu aliona midomo tu. Walimu wenzake walimfichia kwa kadiri walivyoweza. Uziwi ukaendelea kushuka hadi kwenye sauti za chini. Mwisho aliandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, akahamia Michenga kwenye shamba la familia.

Nyumbani aliyeumia zaidi ni mama. Watu wote walimpigia kaka kelele, hata watoto wa majirani, lakini mama alikataa. "Sitamgombeza mwanangu bila kosa," alisema. Aliendelea kuongea naye kwa sauti yake ya kila siku, ya chini, kwa Kindamba, lugha ya kwetu, akiwa anachambua mchele au anawasha moto, na kaka, kila alipokuja kutoka shambani, alikaa mbele yake akiitikia kwa kichwa maneno ambayo hakuyapata. Nadhani wote wawili walijua. Mama alipofariki, kaka aliniambia kwamba kwa miezi mingi hakuwa amesikia neno lake hata moja, na kwamba hakuwahi kuchoka kukaa pale.

Nilimtembelea Michenga kila nilipopata nafasi, kwa baiskeli wakati wa kiangazi, kwa miguu njia ilipojaa maji. Mwanzoni aliniuliza habari za kwaya. Kinanda kinaendeleaje? Nikamwonyesha kwa vidole kwamba vitufe kadhaa havifanyi kazi tena. Nani anaimba sauti ya kwanza sasa? Siku moja akaacha kuuliza, na mimi sikuendeleza.

Ilikuwa wakati wa palizi, mwaka mwingine. Nilifika asubuhi nikamkuta ameinama katikati ya mpunga, amenipa mgongo, anaimba. Aliimba sauti ya nne ya wimbo aliotufundisha yeye mwenyewe. Nilisimama kwenye tuta. Kaka yangu, aliyekohoa nikiteleza hata kidogo, alikuwa ametoka kabisa kwenye wimbo. Alipanda mahali pa kushuka. Sauti ilitangatanga kama mtu anayetafuta mlango gizani, na maneno yalikuwa sahihi, yote.

Aligeuka akaniona. Hakuona haya. Alinyoosha mgongo akaniuliza, "Niko sawa?"

Nikavua kandambili nikaingia majini, nikasimama mbele yake aone mdomo wangu, nikaanza kuimba sauti ya kwanza. Sikuimba ya kweli. Nilimfuata yeye. Alipopanda nilipanda, alipopotea nilipotea naye, nikiitafuta sauti yake popote ilipokwenda na kujipanga juu yake. Kwa mtu aliyepita njiani huenda tulionekana walevi. Machozi yalinitoka lakini sikunyamaza, na yeye hakuyataja.

Tulipomaliza alinawa matope mikononi.

"Asante," alisema, kisha akanionyesha mstari wa kupalilia. Tulipalilia hadi jua likawa kali, tukala ugali na samaki wa kukaanga chini ya kibanda, nikarudi Ifakara kabla mvua haijaanza.