Fuwele Moja Iliyobaki

Wenzake maabarani walimwita Bi Nyuzi, kwa sababu hakuna aliyemshinda kubandika nyuzi za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, juu ya fuwele ndogo kama punje ya mchele. Alikuwa mtafiti wa fizikia, mama wa mabinti wawili, mtu wa masihara: kila asubuhi aliiamkia mashine ya baridi "shikamoo", maana ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko wote mle ndani.

Siku ile hakutania. Alimkuta Profesa, mkuu wake, ubaoni.

"Profesa, nahofia matokeo yetu si ya kweli. Au si yote."

Chaki ilisimama hewani. Profesa alikuwa amekwisha kuwatangazia matokeo hayo wageni kutoka vyuo vingine.

Ndani ya fuwele waliyokuwa wakiipima, elektroni, chembe zibebazo umeme, ni za namna mbili: zinazojizungusha kwa mkono wa kulia zikienda mbele, na za mkono wa kushoto. Sumaku ikielekezwa sambamba na umeme, za upande mmoja huzidi, na umeme hupita kwa wepesi usio wa kawaida. Wepesi huo ndio waliotangaza. Lakini nyuzi za kuingizia umeme zilikuwa zimebandikwa katikati tu. Huenda sumaku iliubana umeme upite katikati, nyuzi za kupimia zilizokuwa pembeni zikaambulia kidogo, kipimo kikadanganya.

"Nataka nizibandue nyuzi," alisema, "nipake dhahabu upana mzima, umeme uingie sawasawa."

"Fuwele ni hiyo moja! Ikipasuka je?"

"Ikipasuka, tumeumia. Tukinyamaza, watakuja wengine watuumbue."

Profesa alijifuta uso. "Haya, mwanangu. Fanya. Mimi siwezi kutazama." Akatoka.

Chini ya hadubini Bi Nyuzi alibana pumzi. Uzi wa kwanza ulitoka. Wa pili ukang'ang'ania, alipouvuta, ta! kona ya fuwele ikamegeka. Alifumba macho, kisha akatazama tena. Kilichobaki kilitosha, kwa shida. Akakipaka dhahabu upana mzima, akabandika nyuzi upya.

Fuwele iliposhushwa kwenye baridi kali na sumaku kuwashwa, Profesa alikuwa amerudi, amesimama nyuma yake. Ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ulishuka, lakini nusu tu ya walivyotangaza.

"Nusu," Profesa alinong'ona.

"Nusu, lakini ya kweli."

Baridi ilipozidi, mstari kwenye skrini uligeuka ghafla ukapanda juu.

"Uzi umekatika! Nilikwambia!"

"Subiri, Profesa." Alihamia jozi nyingine ya nyuzi: vilevile. Akaongeza joto kidogo, umeme ukapita. Akapunguza, ukaziba.

"Si uzi," alisema polepole. "Ni elektroni zenyewe. Nadhani kwenye baridi hii zinavutana mpaka za kulia zinafungamana na za kushoto. Zile pande mbili hazijitegemei tena, ndiyo maana njia imefungwa."

Profesa aliketi, akautazama mstari ule. Kisha akachukua simu.

"Kwanza niwaambie wale wageni kwamba nilikosea."

"Nikupishe?"

"La, kaa hapa. Nikianza kumung'unya maneno, kohoa."

Bi Nyuzi alikohoa mara moja tu.