Jino Lililorushwa Juu ya Paa

Michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja hutoa mlio wa zamu, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na mtu aliyekulia vijiji vya Tana ya chini huweza kujua kwa masikio tu nani anatwanga nyumba ya jirani na kama ameamka vizuri. Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mavuno ya mpunga. Mwaka ule mto ulikuwa umefurika na kupungua kwa wakati wake, mashamba yalikuwa yamezaa, na ua wetu ulinuka makapi, vumbi jepesi linaloingia puani asubuhi na kukaa humo mpaka jioni. Mama alikuwa amekwenda Hola kumuuguza dada yake aliyejifungua, na baba alishinda Garsen, alikokuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli na pikipiki. Nyumbani tulibaki na nyanya, mama yake baba, aliyetutawala mimi na dada yangu Mariamu kwa sauti ya chini na kazi nyingi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mariamu alikuwa na kumi na minne na alijiona mtu mzima kwa sababu mchi wake ulikuwa mrefu kuliko wangu.

Kutwanga watu wawili kunataka kila mmoja ajue zamu yake na asifikirie jambo lingine lolote. Mchi wa mwenzako ukishuka, wako uko juu. Wako ukishuka, wake unapanda. Asubuhi ile mimi niliinama. Sababu yenyewe haina maana hata kidogo: niliona punje zimerukia ukingoni mwa kinu nikataka kuzirudisha, maana nyanya hakupenda kuona mpunga unaanguka. Mchi wa Mariamu ulikuwa unapanda, ncha yake ya chini ikanigonga mdomoni. Sikusikia maumivu. Nilisikia mlio tu, kama mtu amevunja njugu karibu na sikio langu, kisha mdomo ukajaa joto. Mariamu alisimama na mchi mkononi akiliita jina langu, Rehema, Rehema, kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilipitisha ulimi nikakuta nafasi pale palipokuwa na jino la mbele la juu, upande wa kulia.

Nyanya hakupiga kelele. Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa kitambaa nikiume, kisha akakigeukia kinu, kwa sababu jino halikuwa mdomoni mwangu wala halikuwa chini, na palibaki mahali pamoja tu pa kulitafuta. Aliuchota mpunga wote akautia kwenye ungo, akaanza kupepeta kwa utaratibu uleule wa siku zote. Makapi yaliruka, mchele ukabaki, na katikati ya mchele likabaki jino langu, kubwa kuliko nilivyolidhania, lenye mzizi mrefu na damu kidogo. Nyanya alilishika kwa vidole viwili akatabasamu. Mama Halima, jirani yetu Muorma aliyetuuzia maziwa kila siku, alikuwa amefika wakati huohuo na dumu lake, akasimama penye uwazi wa ua akitutazama. Nakumbuka niliona povu jeupe kwenye mdomo wa lile dumu, na nikafikiria kwamba leo chai yangu nitainywaje.

Kwetu jino la mtoto likitoka halitupwi hovyo. Hurushwa juu ya paa, na anayelirusha humwomba kunguru achukue hilo bovu alete zima. Nyanya ndiye aliyekuwa mrushaji wa ukoo mzima. Watoto waliletwa kwake kutoka vijiji vingine, meno yao yamefungwa kwenye fundo la kanga, na hakuna hata mmoja ambaye jino lake jipya lilikataa kuota. Heshima zake nyingine zilikuwa zimepungua kadiri alivyozeeka. Wakunga walikuwa hospitali, dawa zilikuwa dukani, hata mbegu za mpunga siku hizo zilitoka kwenye magunia yenye maandishi. Meno yalibaki yake. Basi alisimama mbele ya nyumba, akaipa mgongo, akalirusha jino juu ya bega lake la kushoto, likatua kwenye makuti bila mlio.

"Kunguru, chukua lako, lete letu," akasema. Kisha akanigeukia. "Usilie, mjukuu wangu. Kabla mvua hazijaanza litakuwa limechomoza."

Mimi sikuwa nalia, na nilijua kwamba halitachomoza. Jino lile lilikuwa limeshabadilika. Lile la utoto lilitoka nikiwa darasa la kwanza, na nyanya mwenyewe alilirusha juu ya paa lilelile. Lakini wajukuu tulikuwa wengi, na midomo yetu ilikuwa imeshamchanganya. Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa ametuchorea ubaoni meno ya utoto na meno ya ukubwa, akasema haya ya pili hayana badala. Kwa hiyo nilijua alipolishika, nilijua alipoipa nyumba mgongo, na nilikuwa na muda wa kutosha kuinua mkono. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuuinua. Damu ilikuwa mdomoni, ndiyo. Mtoto hamkosoi nyanya yake mbele ya jirani, ndiyo pia. Lakini ukweli ni kwamba nilipenda kusikia kwamba litaota. Kwa nafasi ya pumzi mbili tatu nilimwachia nyanya aniamulie kwamba mimi bado ni mtoto wa darasa la kwanza, na pumzi hizo zilitosha.

Kilichotupeleka Garsen ni mdomo, jino lilikuwa limeshasahauliwa. Ulikuwa umepasuka na damu haikukoma, nyanya akajaribu majani, akajaribu maji ya chumvi, mpaka jua lilipopanda ndipo Mama Halima akasema mtoto huyu ashonwe. Tulipanda bodaboda, mimi katikati, nyanya nyuma amenikumbatia kiuno, na Mariamu akabaki kuangalia nyumba. Baba alitupokea akiwa na mikono ya grisi. Siku ile ilikuwa na bahati kwa namna yake, kwa kuwa kwenye zahanati moja ya hapo mjini alikuwapo daktari wa meno, kijana wa bara aliyekuwa akija mara moja moja. Mdomo wangu ulikuwa umevimba hata ndani hapaonekani, basi akaanza na huo. Alisema atanipiga sindano ya ganzi.

"Ganzi?" nyanya akauliza. "Huyu hajala embe bichi leo."

Daktari alicheka, akamweleza kwamba hii ni ganzi ya dawa, haina uchachu, itamfanya mtoto asisikie kitu. Nyanya aliguna kama mtu anayesikia jambo lisilo na faida. Sindano iliingia, nikahesabu hadi ishirini, na uso wangu kuanzia puani kushuka chini ukaondoka. Nilijua upo kwa sababu daktari alikuwa anaushona. Niliona uzi unapanda na kushuka mbele ya macho yangu na haukunihusu. Alipomaliza aliinua mdomo kwa kidole, akamulika ndani.

"Jino liko wapi?" akauliza.

Baba alimtazama nyanya. Nyanya akajibu kwa ujasiri wote, "Nimelirusha juu ya paa. Litaota."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," baba akasema.

Daktari alivua glavu taratibu. Hakuwa mtu mkali, nami mpaka leo sina kinyongo naye. Alieleza kwamba lile lilikuwa jino la ukubwa, kwamba jino likitoka zima na mzizi wake linaweza kurudishwa palepale na likashika, mradi liletwe upesi, ndani ya saa moja ikiwezekana, likiwa ndani ya maziwa. Maziwa ya kawaida tu, ya ng'ombe. Nyanya alirudia neno maziwa kwa sauti ya chini. Kisha daktari akauliza swali ambalo nadhani aliliuliza bila nia yoyote mbaya: hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba jino hili lilishabadilika?

Nyanya alinigeukia mimi. Hakuwa ananishtaki, alikuwa ananiuliza, kama anavyouliza mtu aliyesahau alipoweka kisu. Nilikuwa na mdomo usio wangu, midomo kama ya mtu mwingine aliyelala, na kila mtu chumbani alielewa kwamba sitaweza kusema. Ganzi ilinifaa sana. Nilitazama picha ya meno iliyobandikwa ukutani mpaka nyanya alipoondoa macho yake kwangu, na baba akasema, "Mama, mambo haya ya kunguru siku hizi tuyaache." Alisema kwa upole. Ingekuwa afadhali angemfokea, maana kwa ukali nyanya angemjibu.

Daktari alitaka liletwe hata hivyo, basi baba alimpigia simu Mama Halima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu pale karibu, na mama huyo na Mariamu wakaweka ngazi ukutani. Mariamu alinisimulia baadaye kwamba walifumua nusu ya upande mmoja wa paa, wakakuta vitu vya ajabu, kijiko, betri kuukuu, na meno mengine ya utoto manne au matano, madogo kama punje za mahindi, kabla ya kulifikia langu. Lilikuja Garsen saa nane mchana na bodaboda, limo ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa kwa nailoni. Lilikuwa limekaa juani tangu asubuhi. Daktari aliligeuza chini ya taa, akasema limekauka, mzizi umeshakufa, lakini kwa mtoto atajaribu. Akaliosha bila kulisugua, akalirudisha kwenye tundu lake, akalifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya pembeni yake. Alisema likishika litakuwa jino la kushikilia nafasi tu, halitakuwa na uhai, na siku moja litadondoka.

Ganzi iliisha magharibi, tukiwa tumeshafika nyumbani. Ilianza kuwasha puani, ikashuka, na mdomo wangu ukarudi kwangu na maumivu yake yote. Sasa ningeweza kusema. Nyanya alikuwa ananipikia uji wa mchele uleule wa kwenye ungo, akiukoroga mpaka ukawa laini kabisa, na alipouleta aliniomba nifungue mdomo aone. Nilifungua. Akasema, "Pole, mjukuu wangu, nimekuharibia." Mimi nikanywa uji.

Waya ulitolewa, jino likakaa. Nyanya aliliangalia kila asubuhi kwa miezi, akinishika kidevu kunigeuza kwenye mwanga, na kila mara aliuliza kama linasikia moto na baridi. Halikusikia chochote. Nyumbani lilikuwa mzaha. Shangazi walipokuja na watoto wao walisema, mficheni mtoto meno, nyanya asiyaone, na watu wote wakacheka, na nyanya alicheka nao huku akiinama kutafuta kitu chini. Watoto wa ukoo wakaanza kurusha meno yao wenyewe, au mama zao waliyarusha. Aliyekuwa akiletewa meno kutoka vijiji vingine hakuletewa tena. Kila kicheko kiliponipita nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "Nilijua," na kila mara nilingoja kingine. Jino likageuka rangi, kwanza manjano, kisha kijivu, na nilipofika kidato cha pili likaanza kucheza. Hospitalini walilitoa bila shida, mzizi umekwisha kuliwa, wakanipa pleti ya kuvaa mdomoni, ya plastiki ya waridi yenye jino moja, niliyoivua usiku na kuitia kwenye glasi ya maji. Nyanya alifariki nikiwa chuoni. Nilirudi, nikapika na wanawake wengine, nikalala kwenye mkeka na jamaa, na sikutoa chozi. Watu walisema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza.

Leo kijijini kuna mashine ya kukoboa mpunga, na kinu kimekuwa kiti cha kuku. Mwanawe Mariamu, aliyeko darasa la tatu, anaweza kukwambia bila kufikiri kwamba jino la ukubwa likitoka litiwe kwenye maziwa na lipelekwe hospitali mbio. Yeye na wenzake wamefundishwa shuleni na wanaona ni jambo la wazi kama kunawa mikono. Kila nyumba ina simu, na Garsen si mbali tena. Tulichokuwa hatukijua siku ile sasa kila mtu anakijua, na ninapowasikia watoto hao huwa nafikiri kwamba msamaha wa nyanya ulikuwa hapo, katika kutojua. Yeye hakujua. Mimi ndiye niliyejua, na huko nyuma hakuna kitu cha kunisaidia.

Mwaka huu nilikwenda Malindi kuweka jino la kudumu, lile wanaloliita daraja, ambalo hushikiliwa na meno ya pembeni na halivuliwi. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu, mpole, aliyeniita dada. Kabla ya kuanza alichukua fomu akaniuliza jino lilipoteaje. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Nilimwambia kuhusu mchi, ungo, paa, kunguru, nikamwambia kwamba nilijua lilikuwa jino la ukubwa na kwamba nilinyamaza, nyanya yangu akabeba lawama mpaka akazikwa nayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema, na niliyasema yote kwa sauti ya mtu anayetaja anwani yake. Alinisikiliza kwa adabu bila kunikatiza. Nilipomaliza, aliinamia fomu, akaandika neno moja, ajali, akanigeuzia nitie sahihi, nami nikatia.