Kiti cha Haboba na Kitambaa cha Maua

Nacheka sasa, lakini mjue kuna mtaa mmoja kule Koboko ambao mpaka leo siupiti bila kushusha kofia usoni, na aibu yenyewe nilijitafutia mwenyewe, sikusukumwa na mtu.

Mimi ni mtu wa kuota mchana (mama anasema hata nilipozaliwa sikulia haraka, nilikuwa bado nawaza). Nasoma useremala kwenye chuo cha ufundi hapa Arua, Uganda, na muhula ule mwalimu akatuambia kila wanafunzi wawili wabuni kitu kipya cha kumsaidia mzee wanayemjua, kisha wampelekee atumie. Mimi na mwenzangu Keji, binti mkimbizi wa Sudan Kusini (huyo akishika randa, usipime), tukamchagua Haboba, yaani bibi yangu mzaa mama, anayeishi Koboko. Haboba magoti yamekwisha. Choo chake ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na siku moja alianguka mle ndani akakaa hapo mpaka jirani alipomsikia, na tangu siku hiyo akawa hanywi maji mchana kutwa, kwa kuogopa tu kwenda choo. Midomo ilimkauka hadi ikapasuka. Jambo hilo liliniuma sana.

Basi tukamtengenezea kiti cha mbao, chenye mikono ya kushikilia na tundu la duara katikati, unakiweka juu ya shimo unakaa raha mustarehe. Wiki nzima tulipiga msasa, vumbi la mbao linaelea kwenye jua la dirishani, na mimi katikati ya vumbi hilo namwona Haboba anatabasamu, ananiombea dua, hata Keji akiniita siitiki.

Asubuhi ya safari, pale stendi ya boda, watu wakaanza kulitazama lile tundu. Dereva akauliza, "Hii kiti iko ya kazi gani?" Nikajibu, "Ya nyumbani tu." Haya ikanishika, jamani! Nikakata kipande cha boksi nikafunika tundu, nikaweka sponji, halafu juu nikafunga kitambaa cheupe cha maua ya kudarizi nilichonunua hapo hapo.

Keji akanitazama. "Rashidi, toa hiyo kitambaa. Mutu akiona kiti nzuri hivi, atakaa."

"Tutatoa tukifika," nikasema.

Nikapanda na kiti changu, Keji akapanda boda ya nyuma, na njia nzima upepo unanibembeleza, mashamba ya muhogo yanapita, vilima vya mbali vya buluu vinatembea na sisi, nami nimekumbatia kiti nikiwaza jina la kukipa, na habari ya kitambaa ikapeperuka kabisa kichwani.

Tukafika, kumbe ni siku ya posa ya binamu yangu Zaitun (niliambiwa, lakini mimi na kuambiwa ni vitu viwili). Nyumba imejaa. Nikaweka kiti barazani, Keji akavutwa jikoni na akina mama, mimi nikala sahani mbili, nikajinyoosha kwenye mkeka kivulini, dakika moja tu, wallahi. Sauti za wanawake zikawa mbali, mbali zaidi, tamu kama zinatoka chini ya maji.

Nilipofumbua macho nikaona kiti chetu kiko katikati ya wageni, chini ya turubai, na juu yake ameketi Afande Ramadhani, babu wa bwana harusi, mwanajeshi mstaafu mwenye koti zito na kofia nyeupe. Wajomba walikuwa wametafuta kiti cha heshima, wakaona maua. Nikajua naota. Mzee anahutubia, "Sisi tumekuja hapa kwa heshima," na huku anashuka. Pole pole, kama jua linavyozama. "Nyumba hii iko nyumba ya heshima," magoti yanapanda. Alipofika heshima ya tatu boksi likasema pwaa! Mzee akakunjika ndani ya tundu, miguu juu, kofia puani.

Vijana wanne wakamvuta, akainuka na kiti chake nyuma. Wakavuta tena. Hakitoki! Ikabidi Keji mwenyewe aje na nyundo kuvunja mkono mmoja wa kiti ndipo mzee akachomoka, anahema, macho mekundu.

"Kiti gani hii?"

Mimi, na usingizi wangu wote, nikasimama nikasema, "Ya choo, Afande."

Yarabi! Zaitun akalia ndani. Wajomba wakainamisha vichwa, na mimi nikatamani nirudi ndotoni. Ndipo Haboba akatoka upande wa wanawake, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine.

"Iko ya nani?"

"Yako, Haboba. Ya magoti."

"Na hii kitambaa?"

"Niliona haya, nikafunika watu wasije wakajua."

"Wajue nini? Mimi mzee, kila mutu anajua. Mimi sikuona haya. Wewe ndiyo uliona haya ya bibi yako."

Hakupandisha sauti. Wenzangu, niliwahi kupigwa viboko, lakini havikufika pale yalipofika maneno yale. Afande akajipangusa koti, akamwambia, "Mama, nisamehe, nimekaa kwa kiti yako," akaomba kiti cha plastiki, posa ikaendelea. Lakini Haboba kiti hakukitaka. Nikakirudisha Arua na mkono wake uliovunjika.

Tukatengeneza kingine. Safari hii nikakibeba wazi, tundu linatazama mbingu, na kila boda iliposimama watu wakauliza, nami nikajibu kwa sauti: kiti cha choo, cha bibi yangu, magoti yake yamechoka. Wapo waliocheka. Mama mmoja wa sokoni hakucheka, alikigusa mikono, akauliza tunafanyia kazi wapi.

Haboba alinisubiri barazani. "Njiani walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema?"

Nikamwambia nilichosema. Akanyoosha mkono nimwinue, akaniegemea mzima mzima, tukaenda naye kukiweka mahali pake. Tangu hapo nimeapa: kitu cha mzee nakitaja kwa jina lake kwanza, kwa sauti, hata mbele ya wakwe.