Z Mahali pa Y

Baba alinisomesha kwa asali. Kila msimu alitoka porini Sikonge na madebe nyuma ya baiskeli, na asali hiyo ndiyo iliyonifikisha Tabora mjini, kwenye kiti cha mpiga chapa, muda mfupi baada ya uhuru. Taipureta niliyoikuta ofisini ilikuwa ya Kiingereza, nzito, vibonye vigumu kama kokoto. Niliizoea hata nikawa sivitazami vidole vyangu.

Watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, tukaletewa mashine mpya kutoka Ujerumani. Ile ya zamani ikapelekwa kijiji kimoja karibu na Usoke, ambako hakuna aliyejua kuchapa. Mpya ilikuwa laini, inang'aa, ila Wajerumani waliweka Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Kwa Kiswahili huo ni msiba. Nikichapa "wazee", inatoka "wayee". "Yake" inageuka "zake", na hilo hata jicho halilishtukii.

Nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka kwa fundi wa cherehani, mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka karibu na msikiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

Aliikagua kwa muda mrefu. "Kazi yenyewe ndogo. Nazibandua herufi mbili, nazibadilisha, nalehemu. Lakini lehemu sina. Mji mzima hauna."

"Itapatikana lini?"

"Ningejua, ningekuwa nafunga duka?" Akanionyesha masanduku yaliyokwisha kufungwa kamba. Alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa wanawe.

Basi nikajifundisha upya. Nilibaki ofisini wenzangu wakienda kula, nikichapa maneno yaleyale kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikienda polepole, niliweza. Nikiharakishwa, vidole vilirudi kwenye njia yao ya zamani.

Siku ya kuzindua kijiji kimoja cha ujamaa, bwana mkubwa wetu alileta hotuba yake asubuhi, gari likiwa tayari linanguruma nje. Nilichapa huku dereva akipiga honi. Sikupata nafasi ya kuisoma tena.

Alisimama mbele ya wageni akaanza: "Uhuru na Kayi..." Akakwama. Akajaribu mstari wa pili, akakuta "wayee wa kijiji". Watu wakacheka, kwanza kina mama, kisha wageni wenyewe.

Kesho yake akaniita. "Dada, umenivua nguo hadharani."

"Ni herufi, mzee. Hii mashine..."

"Mashine ni mpya. Sasa kibovu ni kipi?"

Nilisimama pale nikiitazama mikono yangu.

Nikahamishiwa Urambo, kituo cha kununulia tumbaku, kubandika vibandiko kwenye marobota. Niliomba kurudi Tabora. Wakasema kiti kina mtu. Nikaomba tena, kisha nikaacha kuomba. Nilikaa huko mpaka macho yakaharibika kwa vumbi la tumbaku, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kuchapa.