Mmiminaji Asiyekunywa

Kuna wakati Jumapili moja ya kila mwezi ilikuwa yangu. Siku nyingine zote nilikuwa mtu wa watu: wakala wa forodha, asubuhi bandarini, mchana kwenye simu na mteja anayetaka kujua kontena lake limekwama wapi, jioni kwenye foleni. Lakini Jumapili hiyo moja, tukisharudi kanisani na kula, zamu ikiwa yangu nilipanga glasi ndogo mezani, nikafungua madirisha ya nyumba yetu ya ghorofani hapo Kariakoo, nikasubiri kusikia viatu kwenye ngazi.

Mkusanyiko wetu tuliuita Meza. “Meza lini?” “Mwezi huu Meza kwa nani?” Kila aliyekuja alibeba chupa ya bia ambayo wenzake hawajawahi kuionja. Si bia za kreti unazozikuta kila baa. Zilikuwa bia za viwanda vidogo, krafti kama tulivyoziita wenyewe, zinazopikwa kidogo kidogo na watu wenye wazimu wao. Ungekuta nyeusi tii inayonukia kahawa, ungekuta chachu kama ukwaju, ungekuta ya ngano yenye harufu ya ndizi mbivu. Moja imetoka Arusha, nyingine Nairobi, nyingine mtu kaibeba kutoka Cape Town kaiviringisha ndani ya suruali ya jinzi ili isipasuke kwenye ndege. Chupa ilifunguliwa, kila mtu akapata kipimo cha kidole kimoja, basi. Aliyeileta anasimulia ilikotoka. Funda la kwanza linanywewa kimya. Baada ya hapo ni ugomvi mtupu.

“Hii ina embe.”

“Embe liko wapi? Hii ni sabuni.”

“Wewe na mdomo wako wa supu ya kongoro utajua nini?”

Hatukuwa walevi. Nalisema hilo kwa sababu mama mkwe wangu anatuita hivyo mpaka leo, na nadhani ataendelea. Chupa sita saba kwa watu saba haziwezi kumlewesha mtu akaanguka. Zilitosha tu kulegeza ulimi.

Meza ilianza na mimi na rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya umeme, mtaa wa pili kutoka kwetu. Yeye ni Mchaga kama mimi, vijiji vyetu kule Moshi vinatazamana, mto mmoja katikati, lakini tulikutana hapa mjini tukiwa watu wazima. Mteja wangu mmoja alinipa chupa nyeusi kama shukrani. Nikaipeleka dukani kwake wakati anafunga, tukanywea kwenye vikombe vya chai nyuma ya kaunta. Akatazama kikombe, akasema, “Kaka, hii kuinywa peke yako ni dhambi.” Ndiyo ikawa sheria yetu ya kwanza, na kwa kweli ndiyo pekee tuliyoifuata. Baadaye akaja dada mmoja mhasibu anayeishi Upanga, mwenye ulimi mkali na pua kali zaidi, halafu wengine watatu wanne, marafiki wa marafiki.

Mwezi wa zamu yangu nilipenda hata maandalizi. Mke wangu alikaanga mihogo, mimi nikashuka kuchukua chupa zangu, barafu na limau. Kwenye ngazi nilipishana na bibi wa ghorofa ya pili, wa familia ya Kiarabu ambayo imekuwa na maduka Kariakoo tangu kabla baba yangu hajaijua Dar. Kwa heshima yake nilikuwa nazifunga chupa kwa kanga ndani ya kikapu, lakini chupa ni chupa, zikawa zinagongana.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Naona leo umenunua siki nyingi.”

“Ndiyo, bibi. Tuna kachumbari.”

“Haya. Kachumbari isizidi.”

Halafu nikaumwa. Nilikuwa getini bandarini, nabishana na dereva wa lori, maumivu yakanishika chini ya kifua yakatokea mgongoni, nikakaa chini kwenye vumbi na shati langu jeupe. Dereva niliyekuwa nagombana naye ndiye aliyenipakia kwenye bajaji. Hospitali walisema ni kongosho. Sikuwahi hata siku moja kuifikiria kongosho yangu. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alisubiri niweze kukaa kitandani ndipo akaniambia.

“Pombe, baba, ndiyo mwisho. Sisemi upunguze. Nasema mwisho.”

“Hata kuonja?”

“Hata kuonja.”

Meza nzima ilikuja kunitazama wodini, wamebeba machungwa na maziwa mgando. Rafiki yangu wa duka la umeme alisimama upande wa miguu ya kitanda, akazishika nyayo zangu kupitia shuka kama mtu anayekagua kama bado zina joto. “Meza ni yako,” akasema. “Unywe, usinywe, ni yako.” Alimaanisha. Mpaka leo najua alimaanisha.

Nikarudi. Jumapili ya kwanza walinipigia makofi mlangoni. Mhasibu alikuwa ameniletea chupa ya tangawizi aliyoitengeneza mwenyewe, kali mpaka machozi, na wote wakaionja kwa heshima ileile, funda la kwanza kimya. Kisha wakanipa kazi. Kwa kuwa mkono wangu haukuwa na cha kuutetemesha, mimi ndiye nimimine. Niliipenda kazi hiyo. Nilijifunza kuinamisha chupa taratibu ili machicha yabaki chini, kugawa sawasawa, kunusa kila glasi kabla sijaisogeza. Nilikuwa nanusa na kusema, “Hii ina karafuu,” nao wakionja wanaitikia, “Kweli, karafuu.” Nikajiambia sikupoteza kitu. Ladha tu.

Nilikuwa sijajua kwamba mtu asiyekunywa huanza kuona. Kicheko kinafika kabla ya kichekesho. Hadithi ya safari ya Nairobi inarudiwa na mwenyewe hajui kwamba aliimaliza muda si mrefu uliopita. Sauti zinapanda, na wewe umebaki kule chini, unatabasamu mpaka mashavu yanauma. Zamani nilikuwa ndani ya ile kelele, na ukiwa ndani haina kelele. Sikuwalaumu. Nilikuwa nakaa tu, nashika chupa, natazama.

Mwezi mmoja Meza ilikuwa kwa rafiki yangu. Tulifika kwenye chupa ya mwisho, nyeusi nzito kama asali ya porini. Wengine walikuwa dirishani wanabishana kuhusu mpira. Yeye akanisogelea, akaweka kiwiko mezani, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia katika miaka yote tuliyojuana. Kwamba tangu wamzike baba yake hajakanyaga Moshi. Kwamba ndugu zake walimwambia maneno pale kaburini, kuwa alijifanya mtu wa mjini mpaka mzee akafa akimuulizia. Kwamba mama yake anapiga simu naye anaiacha iite.

“Naogopa kumtazama mama usoni,” akasema. Machozi yakamlengalenga. “Mwanaume mzima, kaka. Namwogopa mama yangu.”

Nikaweka mkono begani kwake. Kisha mtu wa dirishani akapiga kelele ya goli, yeye akajifuta uso kwa kiganja, akainuka akaenda kucheka na wenzake. Ilikuwa imekwisha. Kama ningekuwa nimekunywa, na mimi ningeinuka, na kesho yake ningekumbuka tu kwamba palikuwa na huzuni kidogo mahali fulani.

Lakini sikuwa nimekunywa. Nililala nayo, nikaamka nayo. Nilimfikiria yule mama ameshika simu inayoita. Kesho yake kazini nilipopata nafasi nikakatiza mitaa ya Kariakoo nikaenda dukani kwake, nimeshajipangia maneno njiani. Duka lilikuwa limejaa, wateja kutoka mikoani, mkokoteni umezuia mlango, dada wa kaunta anahesabu swichi. Nikamvuta pembeni penye roli za nyaya.

“Nimefikiria ulichosema juu ya mama,” nikamwambia. “Twende wote. Nitaendesha mimi. Tutafika mchana, tutakaa, tutarudi. Hutakuwa peke yako.”

Akanitazama kama nimemwita kwa jina la mtu mwingine.

“Nilisema nini?”

“Kwamba unaogopa kumtazama usoni.”

Akageuka kumwangalia dada wa kaunta kama amesikia. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha kumtoa mteja anayeomba apunguziwe sana.

“Kaka, yale ni maneno ya bia. Bia imeongea. Wewe tena unaibebea mzigo?” Akanipiga bega. “Ngoja niwahudumie hawa watu wametoka Songea.”

Nikatoka nje, nikasimama juani katikati ya watu na mizigo yao. Nilijua nimeharibu kitu, ila sikujua ukubwa wake.

Nilianza kuujua pole pole. Meza iliyofuata rafiki yangu alikaa mbali na mimi, akaongea mpira na bei za mabati. Akiinua glasi, macho yanapita kwangu kwanza. Halafu niliona na wengine wanafanya hivyohivyo. Mtu anaanza kusimulia jambo la nyumbani kwake, ananiona, anakata. Ni mhasibu aliyeniambia, kwa kuwa yeye hajui kuzunguka. Tulikuwa tunashuka ngazi.

“Kaka, usinielewe vibaya. Ukikaa pale na ile chupa mkononi, tunajiona kama tuko kwa padri. Sisi tunasahau, wewe unakumbuka.”

“Kukumbuka ni kosa?”

Alifikiria mpaka tukafika chini. “Si kosa,” akasema. “Ila inachosha.”

Zamu yangu ya kukaribisha ilipofika nilidhani naweza kuirekebisha. Nilinunua kupita kiasi. Niliomba chupa kwa kila niliyemjua bandarini, nikapata mbili nzuri sana, moja imetengenezwa kwa pesheni, nyingine imelazwa kwenye pipa la mbao mpaka imepata harufu ya ngozi. Mke wangu alikaanga mihogo, akachoma na samaki. Aliniangalia nikipangusa glasi zilizokuwa zimeshapanguswa.

“Mume wangu,” akasema, “hao ni rafiki zako. Si wakaguzi.”

Walikuja wote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba walikuja wote, wakavua viatu, wakasifia samaki. Nikamimina ile ya pesheni. Wakanywa. “Nzuri.” “Nzuri sana.” Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyesema ni sabuni. Nikamimina ya pili, wakaweka kiganja juu ya glasi, mmoja baada ya mwingine, huyu ana safari asubuhi, yule ana dawa anazitumia. Adhana ya magharibi haijasikika wakawa wamesimama. Na wakati wa kuaga niliona kitu ambacho hakijawahi kutokea kwenye Meza: kila mtu aliokota chupa yake aliyokuja nayo, haijafunguliwa, akairudisha kwenye mfuko wake.

Rafiki yangu alibaki nyuma kidogo. Alisaidia kupeleka glasi jikoni, akazisuuza, akazipindua juu ya kitambaa. Nilitaka kumwomba msamaha lakini sikuwa na uhakika wa nini. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilidhani rafiki ni mtu anayekumbuka. Yeye alikausha mikono.

“Mihogo imekubali leo,” akasema. “Msalimie shemeji.” Na shemeji alikuwa hapohapo mlangoni.

Hakuna aliyenifukuza. Lile kundi letu la simu lilinyamaza tu. Pasaka mtu aliweka maua na salamu, Idi mwingine akaweka mwezi na nyota. Nilielewa kwamba Meza imehamia mahali pengine, na sikuuliza ni wapi. Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe miaka ile, nilivyokuwa nainuka mezani mwepesi kwa sababu nilijua nilichosema kimebaki kwenye glasi na glasi imeshaoshwa. Wao bado walikihitaji kitu hicho. Mimi niliwanyang'anya bila kukusudia, nikidhani nawafanyia wema.

Muda ulipita. Siku moja nilikutana na mke wa yule rafiki yangu, amenunua mbogamboga, tukasimama kivulini kwenye baraza la duka la vitenge. Aliniuliza hali ya tumbo. Nikamuuliza habari za nyumbani.

“Tuko salama, shemeji. Mwenzangu ndiyo kwanza karudi kutoka Moshi. Siku hizi haishi kwenda. Mama yake kampigia magoti Mungu, anasema mwanangu amerudi.”

Nikauliza alianza lini kwenda. Akataja, nikapiga hesabu kichwani. Ilikuwa muda mfupi tu baada ya mimi kwenda dukani kwake. Alikwenda peke yake, kwa basi, na hakuwahi kuniambia. Nilimwambia shemeji kwamba nimefurahi, na kweli nilifurahi, lakini nilitembea mitaa mitatu kabla sijajua ninakoelekea.

Juzi taa ya jikoni kwetu iliungua. Ningeweza kununua nyingine popote, Kariakoo haina shida ya taa. Nikaenda kwake. Amenenepa kidogo, ndevu zimeanza kuwa na mvi. Tukapeana mikono juu ya kaunta.

“Mambo, kaka?”

“Poa. Za siku?”

“Tunapambana. Kongosho je?”

“Inanivumilia. Mama hajambo?”

Mkono wake ulikuwa unafungua kiboksi cha taa. Ulisimama, halafu ukaendelea.

“Hajambo,” akasema. “Anasalimia watu wote.”

Akaichomeka ile taa kwenye kijaribio, ikawaka, tukaitazama wote wawili mpaka akaizima. Akairudisha kwenye kiboksi, akakiweka kwenye mfuko wa karatasi. Kulikuwa na mteja nyuma yangu, anahema, ana haraka ya basi. Nikaweka pesa juu ya kaunta. Rafiki yangu akanikabidhi mfuko kwa mikono miwili.

“Karibu tena,” akasema, kama anavyowaambia wote.